Namna ya Kuhakikisha Uamuzi wa Kufunga Kizazi Unabaki wa Mwanamke Mwenyewe: Mwongozo kwa Familia na Wahudumu wa Afya Mkoani Kigoma

Upasuaji wa kufunga kizazi ni mfupi. Mama hupewa dawa ya kumtuliza na sindano ya ganzi, daktari hupasua sehemu ndogo ya tumbo yenye urefu wa sentimita 2 hadi 5, huikata na kuifunga mirija miwili inayopitisha mayai, kisha hushona. Pasipo tatizo jingine, mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Uamuzi unaotangulia upasuaji huo, hata hivyo, ni wa maisha yote, na katika nchi nyingi umewahi kuamuliwa na watu wengine juu ya mwanamke maskini, asiyejua kusoma, au mwenye rangi, kabila au lugha tofauti na ya wenye madaraka. Lipo na jambo la pili ambalo halisemwi sana: mwanamke wa hali hiyohiyo, anapoutaka upasuaji kwa hiari yake, ndiye anayezungushwa hadi akate tamaa. Mwongozo huu unakusudia kuwasaidia wanawake wa Kigoma, ndugu wanaowasindikiza na wahudumu wanaowapokea, ili lisitokee hili wala lile.

Yaliyotokea kwingine

Ni muhimu kuyajua yaliyowapata wengine, kwa sababu hatua zote zitakazoelezwa hapa chini zimezaliwa na makosa hayo.

Mwaka 1973, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, mabinti wawili weusi wa familia ya Relf, Minnie Lee mwenye umri wa miaka 14 na Mary Alice mwenye miaka 12, walifungwa kizazi katika mpango uliolipiwa na serikali. Mama yao hakujua kusoma. Aliweka alama ya msalaba kwenye karatasi akidhani kwamba anaridhia binti zake wapewe sindano za kuzuia mimba. Kesi iliyofuata ilifichua kwamba hayakuwa makosa ya kliniki moja. Miaka hiyohiyo, wanawake wenye asili ya Mexico mjini Los Angeles waliletewa fomu za Kiingereza wakiwa katikati ya uchungu; walifungua kesi wakashindwa mwaka 1978. Ukaguzi wa serikali kuu uliotolewa mwaka 1976 ulionyesha kuwa katika maeneo manne tu ya huduma ya afya ya Wahindi Wekundu, wanawake 3,406 walifungwa kizazi kati ya 1973 na 1976, na kwamba kanuni za ridhaa hazikufuatwa ipasavyo.

Serikali ya Marekani ilirekebisha kanuni zake mwishoni mwa muongo huo. Mwanamke anayelipiwa na fedha za umma ni lazima awe ametimiza miaka 21, asaini fomu maalumu, na asubiri siku 30 kabla ya kufanyiwa upasuaji. Wala hairuhusiwi kuchukua ridhaa yake akiwa katika uchungu wa kujifungua. Kanuni hizo zimewalinda wengi. Lakini haziwahusu wanawake wenye bima binafsi, na hivyo mwanamke tajiri anaweza kuomba leo na kuhudumiwa leo, ilhali maskini aliyechelewa kusaini fomu hurudi nyumbani bila huduma aliyoitaka, na baadhi hushika mimba nyingine ndani ya mwaka. Wakati huohuo, tafiti za kitaifa zimeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba wanawake weusi na wenye elimu ndogo hufungwa kizazi kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake weupe wenye elimu, na kwamba njia nyepesi zaidi, ya mwanamume kufunga mirija ya mbegu, hutumiwa zaidi na wanaume weupe wenye elimu na kipato. Mzigo umebaki kwenye tumbo la mwanamke mwenye nguvu ndogo kuliko wote.

Nchi nyingine zina habari zinazofanana. Nchini Slovakia, mwanamke wa jamii ya Waroma alisainishwa akiwa katika hatua za mwisho za kujifungua, baada ya kuambiwa kwamba mimba ijayo itamuua yeye au mtoto. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi mwaka 2011. Nchini Peru, kati ya 1996 na 2000, zaidi ya wanawake 200,000 walifungwa kizazi katika kampeni ya serikali, wengi wao wakiwa wenyeji wa milimani wanaozungumza Kikechua. Hapa Afrika walengwa wamekuwa hasa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI: Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua mwaka 2014 kwamba wanawake watatu walifungwa kizazi bila ridhaa ya kweli, na Tume ya Usawa wa Jinsia ya Afrika Kusini ilitoa taarifa mwaka 2020 kuhusu malalamiko ya wanawake 48.

Ukizisoma kesi hizo kwa pamoja, utaona kwamba mara chache mwanamke alishikwa kwa nguvu. Zaidi alipewa karatasi asiyoielewa, wakati ambao hakuwa na uwezo wa kufikiri, na mtu ambaye alimhitaji kwa huduma nyingine. Hayo matatu yanaweza kutokea katika wodi yoyote ya wazazi, hata pale ambapo kila mhudumu ana nia njema.

Zungumzeni wakati wa ujauzito, kabla ya leba

Mahali pazuri pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto, katika mahudhurio ya kawaida ya ujauzito. Mama anayefikiria kwamba huenda huu ukawa uzazi wake wa mwisho amwambie muuguzi mapema, na muuguzi aandike kwenye kadi ya kliniki kwamba mazungumzo yamefanyika, tarehe gani, na mama ameamua nini au bado anafikiri. Maandishi hayo ya mstari mmoja yana faida kubwa kuliko yanavyoonekana. Mama akifika usiku kwa bodaboda, akakuta wahudumu asiowafahamu, na ikabidi apasuliwe ili kumtoa mtoto, kadi itaonyesha kama aliwahi kuomba kufungwa kizazi au la. Pasipo maandishi, jibu sahihi ni moja tu: apasuliwe kwa ajili ya mtoto, na habari ya kufunga kizazi isubiri.

Kusubiri hakuna madhara ya kitabibu. Kufunga kizazi kwa ajili ya kuzuia mimba ya baadaye si jambo la dharura hata siku moja, na huo ndio msimamo wa Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake tangu mwaka 2011. Mama aliyejifungua kawaida anaweza kufungwa ndani ya siku 7 za kwanza, au baada ya wiki 6. Aliye katikati ya vipindi hivyo hupewa njia nyingine ya muda. Hata yule ambaye daktari anaona kwamba mimba nyingine itamhatarisha anaweza kuwekewa vipandikizi au kitanzi, ambavyo hukinga kwa kiwango kinachokaribiana sana na upasuaji. Kitanzi cha shaba hudumu kwa angalau miaka 10. Kwa hiyo anayemwambia mama aliye leba kwamba ni lazima aamue sasa hivi anakosea, hata kama anasema kwa huruma.

Ninasisitiza jambo moja ambalo familia nyingi hazipendi kulitamka. Ikiwa mtoto amezaliwa njiti au hajatengemaa, kufunga kizazi kuahirishwe, hata kama mama alikwisha kuomba. Uamuzi uliofanywa kwa kuhesabu watoto walio hai unapaswa kufikiriwa upya pale ambapo mmoja wao yuko katika hatari.

Yanayopaswa kusemwa, na namna ya kujua kwamba yamesikika

Kabla ya ridhaa, mama aelezwe kwamba zipo njia za muda: sindano, vidonge, vipandikizi, kitanzi na kondomu. Aelezwe kwamba hii ni operesheni yenye faida na hatari zake. Kwamba ikifanikiwa hatazaa tena. Kwamba kurudisha hali ya mwanzo ni upasuaji mgumu na wa gharama ambao mara nyingi haufanikiwi. Kwamba haimkingi dhidi ya virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Na kwamba anaweza kubadili mawazo wakati wowote kabla ya kisu bila kunyimwa huduma nyingine yoyote. Aambiwe pia kwamba kizazi chenyewe hakitolewi. Hedhi huendelea, hamu ya tendo la ndoa hubaki, na nguvu za kazi hurudi. Kwa uzoefu wa vijiji vyetu, hofu ya kwamba mwanamke aliyefungwa kizazi hugeuka kuwa mtu baridi au mgonjwa imewazuia wengi waliotaka, na mhudumu asiyeigusa hofu hiyo kwa uwazi hajamaliza kazi yake.

Umri nao uzungumzwe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa hadi miaka 14 uligundua kwamba takriban 20 kati ya kila 100 waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini walikuja kujuta, dhidi ya takriban 6 kati ya 100 kwa waliozidi umri huo. Takwimu hiyo isitumike kumfukuza mama wa miaka 27 mwenye watoto sita. Itumike kumuuliza maswali ambayo hakuna mwingine atakayemuuliza: ukiachika ukaolewa kwingine, itakuwaje? Mtoto akifariki, itakuwaje? Akijibu kwa utulivu na bado anataka, basi anajua anachokitaka.

Baada ya maelezo, usimuulize mama kama ameelewa, kwa sababu kila mtu huitikia ndiyo mbele ya koti jeupe. Mpe nafasi ya kueleza yeye. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Mama, tuseme dada yako anakuuliza jioni, utakwenda kufanyiwa nini pale hospitali. Utamjibuje?”

“Nitamwambia nakwenda kupumzisha kizazi.”

“Kikishapumzika, baada ya miaka mitano ukitaka mtoto?”

“Nitarudi mnifungue.”

Hapo muuguzi ameokoa maisha ya mtu yasipinduke. Mama huyu alikuwa amekwisha kuitikia kila kitu, na angeweka dole gumba bila kusita. Anachohitaji ni kijiti, yaani kipandikizi, au kitanzi, na mazungumzo yaanze upya kutoka hapo.

Lugha na mkalimani

Kigoma ni mkoa wa lugha nyingi. Mama kutoka kijiji cha ndani cha Buhigwe au Kakonko anaweza kujua Kiswahili cha sokoni kinachomtosha kununua chumvi, lakini mambo ya mwili wake huyafikiri kwa Kiha. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyowapokea Wakongo tangu 1996, na Nduta iliyowapokea wakimbizi wa Burundi, utakuta Kibembe, Kirundi na Kiswahili cha Kongo ambacho maneno yake mengine hayafanani na ya kwetu. Mkimbizi, zaidi ya hapo, anaishi kwa mgao. Kila anayevaa kitambulisho cha shirika anaweza kuonekana kwake kama mwenye uwezo wa kumkatia chakula. Ndiyo maana ni lazima aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba kukataa hakugusi mgao wake, kadi yake wala watoto wake.

Mkalimani asiwe mume, mama mkwe wala mtoto wa mama huyo. Mume anaweza kutafsiri anachokitaka yeye. Mama mkwe anaweza kuficha anachokipinga. Na mtoto hatakiwi kubeba maneno hayo kabisa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa jinsia ya kike, anayezungumza lugha ya mama na asiye jamaa yake, anafaa zaidi. Hata yeye akumbushwe kutafsiri yote bila kufupisha.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila kifupisho cha Kiingereza kisemwe kwa maneno kamili. Katika kesi ya Namibia, herufi chache za kitaalamu kwenye fomu zilibeba maana ya kufungwa kizazi, na wanawake hawakuzijua. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, na muda wa kutia saini uandikwe. Saa iliyoandikwa huonyesha kama mama alikuwa tayari ameshikwa na uchungu.

Mume, ukoo na wale wanaosemewa

Swali la mume huleta mabishano kila mara. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ridhaa inayotakiwa ni ya mwanamke anayefanyiwa upasuaji. Idhini ya mume si sharti. Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inamtambulia mwanamke haki ya kuamua idadi ya watoto na muda kati yao. Hata hivyo ni vizuri kumshirikisha mume ikiwa mama anataka hivyo, kwa kuwa ndiye atakayebaki na watoto siku ya upasuaji, na kwa kuwa akielezwa vyema huenda akaamua kufunga yeye mirija yake. Upasuaji wa mwanamume ni mwepesi na salama zaidi. Anachopaswa kukumbuka ni kutumia kinga nyingine kwa miezi 3 ya kwanza. Kwa maoni yangu, mhudumu anayezungumza na wenzi bila kuitaja njia hiyo amekwisha kuwachagulia.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aelezwe kwamba dawa za kufubaza virusi, zikitumiwa vizuri wakati wa ujauzito na kunyonyesha, hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mtoto hadi chini ya 5 kati ya 100. Maambukizi yake si sababu ya kufungwa kizazi, na asiambiwe kwamba akikataa hatapewa dawa au maziwa ya mtoto. Kuhusu binti mwenye ulemavu wa akili au kiziwi, familia huja wakiwa na hofu ya kweli, mara nyingi hofu ya kubakwa. Kufunga kizazi hakumzuii mbakaji. Huficha tu ushahidi wake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kwamba watu hao wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, na ulinzi wake ujadiliwe kama ulinzi.

Anapoutaka na hapewi

Upande huu huumiza kimyakimya. Upasuaji huu huhitaji chumba cha upasuaji na mtaalamu aliyefunzwa, kwa hiyo zahanati haiufanyi. Mama wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vilivyo kusini mwa mji wa Kigoma, anayefika mjini kwa boti, akiambiwa arudi wiki ijayo ameambiwa asirudi. Aulize mapema, kupitia mhudumu wa jamii au kwa simu ya kituo, ni siku gani huduma hutolewa, na kama huduma mkoba, yaani wataalamu wanaowafuata watu walipo, inatarajiwa kufika karibu naye. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni na hospitali za wilaya ndizo za kuulizia kwanza. Hospitali za Kanisa Katoliki, kama Kabanga ya Kasulu, hazifanyi upasuaji huu kwa sababu ya mafundisho ya kanisa. Mama anayetarajia kupasuliwa huko wakati wa kujifungua na anayetaka kufungwa palepale anapaswa kulijua hilo miezi kadhaa kabla, apange pa kujifungulia au pa kwenda baada ya wiki 6.

Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali ni bure. Akidaiwa fedha aombe risiti. Akikataliwa kwa sababu ya umri, idadi ya watoto au kukosa barua ya mume, amwombe mhudumu amwandikie sababu hiyo kwenye kadi kisha amwone mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo hicho. Mara nyingi sababu isiyoandikika huondolewa hapohapo.

Baada ya upasuaji

Apumzike siku 2, na asinyanyue kitu kizito kwa wiki nzima: ndoo ya maji kichwani, kuni, tenga la dagaa pale Kibirizi, au kazi ya kukamua mawese. Hili liambiwe familia, kwa sababu mama mwenyewe atanyanyuka kesho yake ikiwa hakuna wa kumpokea. Kidonda kiwe kikavu, na tendo la ndoa lisubiri angalau wiki moja. Arudi kituoni haraka akiona damu au usaha, homa, maumivu yanayozidi, au akizimia. Njia hii hukinga papo hapo, lakini katika kila wanawake 1,000 takriban 5 hushika mimba mwaka wa kwanza. Akikosa hedhi huku tumbo likimuuma upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo, kwani mimba inaweza kuwa imetunga kwenye mrija.

Ikiwa ilifanyika bila ridhaa yake

Ahifadhi kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa, na aombe kwa maandishi nakala ya fomu inayodaiwa kusainiwa. Aandike, au asaidiwe kuandika, alichoambiwa, na nani, na saa ngapi, wakati kumbukumbu ingali mbichi. Malalamiko yaanzie kwa mganga mfawidhi na mganga mkuu wa wilaya; yasiposikilizwa yapelekwe Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Asikawie: madai ya fidia ya aina hii huwa na ukomo wa miaka 3, na kabla ya kuishitaki serikali ni lazima kutoa notisi ya siku 90, kwa hiyo amwone msaidizi wa kisheria katika mwaka huohuo wa tukio.